Nafasi ya Gari Katika Pantoni

Mkazi wa Kigamboni mwenye gari, afanyaye kazi mjini Dar es Salaam, huulizwa kila alfajiri swali ambalo babu yake hakuulizwa. Aende mjini kwa nchi kavu, au ateremke ufukoni akavushwe majini pamoja na gari lake? Kwa juu juu swali hili ni la saa na shilingi, na wengi hulijibu kwa kutazama saa ya mkononi na kupapasa mfuko. Majibu ya namna hiyo hayana kosa. Lakini chini ya swali la saa na shilingi limelala swali jingine, nalo ni la haki: mtu akimbiapo msongamano wa barabarani akaingia katika chombo cha watu wote, anamkimbia nani, na anaichukua nafasi ya nani? Hilo ndilo nitakalolitazama hapa, kwa sababu nadhani halijatazamwa vya kutosha, na kwa sababu sisi wasomi, ambao wengi wetu ama tuna magari ama tunatumaini kuwa nayo, si mashahidi wasio na upande katika shauri hili.

Kwanza nieleze mahali penyewe kwa ajili ya msomaji asiyepajua. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mkono mwembamba wa bahari. Upande mmoja ni Magogoni, penye soko la samaki na, si mbali kutoka hapo, Ikulu; upande wa pili ni Kigamboni. Pantoni huvuka baina yao kwa dakika chache, ikiwa hapana meli kubwa iingiayo au itokayo bandarini ambayo haina budi kupishwa. Kwa nchi kavu habari ilikuwa nyingine kabisa. Hadi mwaka 2016 mwenye gari asiyetaka pantoni ilimpasa azunguke kwa Kibada na Kongowe, atokeze Mbagala, kisha aifuate Barabara ya Kilwa hadi mjini: makumi ya kilometa ili kufika mahali anapopaona kwa macho. Aprili ya mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, nalo likaufupisha sana mzunguko ule. Walakini daraja humshusha mtu Kurasini, na Kurasini ndiko yanakokutana malori yaendayo bandarini na yatokayo huko. Basi aliyeokoka mzunguko huangukia foleni. Na akiwa ndani ya foleni hukumbuka kwamba pantoni bado ipo.

Wapo wanaoisifu njia ya maji kwa raha yake, na sifa hizo si za uongo. Kungoja kwa barabarani na kungoja kwa chomboni ni vitu viwili. Katika foleni mtu hangoji wala haendi. Mguu wake u juu ya breki, macho yake yako kwenye taa za nyuma za gari lililo mbele, na kila baada ya kitambo husogea mwendo wa hatua tatu, ambao hauna faida ila kumzuia asipumzike. Hawezi kusoma, hawezi kusinzia, hawezi kuzungumza na jirani yake ambaye kioo chake kimefungwa. Na jirani huyo, akijaribu kuchomeka gari lake mbele, huwa adui. Chomboni injini huzimwa. Kwa dakika zile chache hakuna awezaye kumtangulia mwenziwe, kwa kuwa wote huenda kwa mwendo mmoja na kufika kwa wakati mmoja. Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907, alitaja mfano wa mtu atakaye maji yenye sukari: hana budi angoje sukari iyeyuke, na kungoja huko hakufupishwi kwa hesabu wala kwa hasira. Kungoja kwa pantoni kumefanana na huko. Kungoja kwa foleni hakukufanana nako, kwa maana katika foleni mtu huamini daima kwamba laiti fulani asingalikuwa mbele yake, yeye angalikwisha fika.

Haya nayapita upesi. Raha ya msafiri ni jambo jema, lakini si hoja. Hata aliyewapita wenzake kwa ujanja hustarehe akishafika.

Sikilizeni jinsi tusemavyo. Nimekuta foleni. Foleni imenichelewesha. Leo foleni ilikuwa kali. Twaitaja foleni kama tuitajavyo mvua ya masika, kitu kilichoshuka kutoka mahali pengine kikatukuta sisi wasafiri tusio na hatia. Sijapata kumsikia mtu aingiaye ofisini akisema, leo nimewachelewesha wenzangu kwa gari langu. Kiswahili kinairuhusu sentensi hiyo. Ni sisi tusioiruhusu. Na hali foleni haina mwili mwingine isipokuwa mimi na wewe na yule. Mtu ana gari lenye viti vitano, hukalia kimoja, akalaumu wingi wa magari.

Wanauchumi waliliona jambo hili zamani. Pigou wa Uingereza, katika kitabu cha mwaka 1920, aliwaza njia mbili ziendazo mahali pamoja: moja nyembamba lakini nzuri, ya pili pana lakini mbovu. Magari yakiachwa yajichagulie, yataijaza ile nzuri mpaka uzuri wake uishe, yaani mpaka kupita humo kusiwe na nafuu kuliko kupita katika ile mbovu. Knight wa Marekani alimjibu mwaka 1924 kwamba kama njia ile nzuri ingekuwa na mwenyewe atozaye ushuru, msongamano usingefika kiasi hicho. Na mwaka 1968 Braess, mwanahisabati wa Ujerumani, alionyesha ajabu iliyo kubwa zaidi: kuongeza njia mpya penye njia nyingi kwaweza kuwachelewesha wasafiri wote, ijapokuwa kila mmoja wao amechagua njia iliyo bora kwake. Tuilete hesabu hii Kigamboni. Siku pantoni ikiwa na nafuu ya robo saa kuliko daraja, habari huenea. Kesho yake wenye haraka huteremka ufukoni. Keshokutwa msururu wa magari yangojayo pantoni umefika barabarani, na ile robo saa imekufa. Kimbilio likishajulikana na wote si kimbilio tena.

Hapa msomaji wa falsafa atamkumbuka Kant, ambaye mwaka 1785 alitaka kila mtu ajiulize kama kanuni ya tendo lake yaweza kuwa sheria ya watu wote. Kanuni ya mwenye gari ni hii: nikiona barabara imejaa, nitapita majini. Ikifanywa sheria ya wote, hujiua yenyewe. Je, basi, ni tendo ovu? Nadhani silo, na yafaa kueleza kwa nini silo, kwa sababu kipimo hiki cha Kant hushikwa na watu wengi kama shoka. Chukua mfano wa mwanamke wa kijijini aendaye kisimani alfajiri ili asikute msururu wa ndoo. Kama wanawake wote wa kijiji wangeamka alfajiri, msururu ungehamia alfajiri. Hata hivyo hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Nafasi yake ya saa mbili amemwachia mtu mwingine, na malipo ameyatoa mwenyewe kwa usingizi wake. Kumbe lililo kubwa si kama wote wanaweza kufanya vile afanyavyo. Lililo kubwa ni nani aliyelipa. Mwenzake afikaye saa mbili, akapitisha ndoo yake mbele ya wengine kwa kuwa ajuana na mwenye kamba, naye amepata maji upesi, lakini malipo yake yametolewa na waliosimama nyuma. Matendo mawili, faida moja, walipaji mbalimbali.

Sasa swali juu ya mwenye gari laweza kuulizwa waziwazi: yeye ni yupi kati ya hao wawili?

Kwa barabara aliyoiacha, yeye ni kama yule wa alfajiri. Gari moja limepungua Kurasini, na aliye nyuma amesogea mbele bila kujua amshukuru nani. Lakini mtu haachi mahali ila huingia mahali, na mahali alipoingia ndipo penye mashaka. MV Magogoni hutajwa kuwa na uwezo wa kuchukua watu 2,000 na magari 60, na hesabu hizi mbili hutamkwa kwa pumzi moja kana kwamba moja hailili eneo la nyingine. Tupime. Gari dogo lina urefu wa meta nne na kitu, na upana unaokaribia meta mbili. Tukiliachia pembezoni nafasi ya mtu kupita, limechukua eneo la meta 10 za mraba au zaidi. Katika eneo hilo watu 20 husimama bila kukanyagana, na asubuhi ya Jumatatu husimama zaidi ya hao. Ni watu gani? Ni fundi mwashi na begi lake la mwiko na timazi. Ni mwanafunzi aliyevaa sare. Ni mama mwenye beseni la vitumbua vilivyofunikwa kitambaa, ambavyo visipofika kabla ya saa mbili havitakuwa na mnunuzi. Ni askari mlinzi arudiye kutoka lindo la usiku. Hao wote hubaki ng'ambo wakiitazama pantoni ikiondoka, na mahali pao ameketi mtu mmoja, na vioo vyake amevipandisha kwa sababu ya joto.

Sitaki msomaji adhani kwamba mtu huyo ni mbaya kuliko alivyokuwa barabarani. Barabarani alilichukua eneo lile lile, au kubwa zaidi, kwa kuwa gari liendalo lataka nafasi mbele yake na nyuma yake. Tofauti ni kwamba barabarani hapakuwa na mtu aliyesimama kando akilipima kwa macho. Aliyenyimwa nafasi alikuwa kilometa mbili nyuma, ameshikilia bomba ndani ya daladala, na hakujua ni nani aliyemnyima. Dhuluma ya barabarani imesagwa ikawa unga. Kila mtu huvuta kidogo, na kila mtu hupuliza kidogo. Chomboni unga huo umerudi kuwa jiwe. Anyimaye na anyimwaye wanatazamana. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaoiita njia ya maji njia ya kuikimbia foleni. Mwenye gari ateremkaye ufukoni haikimbii. Anakwenda kukutana nayo uso kwa uso, mara ya kwanza pengine tangu aliponunua gari.

Mapema mwaka 2012 nauli ya mwenda kwa miguu katika kivuko hiki ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200. Watu walinung'unika, na Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, aliyekuja kuwa Rais mwaka 2015, akawaambia kwamba asiyetaka kulipa apige mbizi, au azunguke kwa Kongowe. Maneno yale yalikumbukwa miaka mingi, na wengine waliyakumbuka kwa hasira, wengine kwa kucheka. Tumpe Waziri haki yake: injini ya chombo haiendeshwi kwa manung'uniko, na mafuta hayauzwi kwa huruma. Lakini yanivutia kwamba ndani ya maneno yale machache zilitajwa njia zote zilizokuwapo siku zile, ya chomboni, ya kuogelea na ya kuzunguka, na kila mtu aliambiwa achague. Mwenye gari aliyasikia kama shauri la bure. Naam, Kongowe ipo, na petroli ipo. Mwenda kwa miguu aliyasikia kama komeo. Twapenda kusema kwamba watu wote wana hiari, na kwa sheria ni kweli, lakini hiari ya mwenye magurudumu manne na hiari ya mwenye kandambili hazifiki mbali sawa.

Mombasa, katika kivuko cha Likoni, desturi ni nyingine. Huko waendao kwa miguu huvuka bure, na nauli hutozwa wenye magari. Sisemi kwamba Likoni hapana taabu. Apitaye hapo jioni, watu wakiteremka mteremko ule kama mchanga umwagwao, hawezi kusema hivyo. Lakini katika shauri hili la nani alipe, nadhani Likoni wako karibu na haki kuliko Magogoni, maana wametambua kwamba kwa mmoja chombo ni barabara yenyewe na kwa mwingine ni njia mojawapo.

Mahali pengine duniani swali hili limefichwa kwa bei. Katika Ziwa Michigan, huko Marekani, chombo kiitwacho Lake Express kilianza mwaka 2004 kuvusha magari baina ya Milwaukee na Muskegon, kwa mwendo wa saa mbili na nusu, nacho huwafaa hasa wasiotaka kuizunguka ncha ya kusini ya ziwa na kupenya misongamano ya Chicago. Hakichukui hata magari 50 kwa safari moja, na wakati wa baridi hakiendi kabisa. Nauli yake si haba. Huko hesabu ya Pigou haimtishi mtu, kwa kuwa haiwezekani wote wakimbilie majini. Na asiyemudu haonekani ufukoni, yuko Chicago amekaa katika foleni. Utulivu wa chombo kile sina shaka ni wa kweli. Ila umenunuliwa kwa namna ambayo mnunuzi halazimiki kuitazama. Kigamboni asiyemudu humgusa mwenye gari begani.

Liko jambo moja ambalo chombo kimeipita barabara kwa ukweli, nalo ni mpaka. Barabara haijui kusema imejaa. Gari la elfu likija, hulipokea kama ilivyolipokea la kwanza, na gharama yake huwagawia wote dakika kwa dakika na moshi kwa moshi, hata hakuna ahisiye kwamba amedhulumu. Chombo kina kiasi chake cha uzito, na kikipitishwa kiasi hicho bahari haibishani na mtu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka karibu na ufuko, wakafa watu 272. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria. Chombo kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 220. Katika misiba yote miwili palihitajika sauti moja ya kusema, basi, wamekwisha tosha.

Neno hilo ni jepesi kuandikwa na zito kutamkwa. Mtu wa langoni alitamkapo huwa amemnyima mwalimu atakayechelewa darasa, amemnyima mgonjwa, amemnyima jirani yake wa mtaani atakayemkumbusha jambo hilo msibani na harusini. Tena huambiwa kila mara kwamba mmoja tu zaidi hawezi kuzamisha chombo, na hoja hii haina jibu, kwa kuwa kwa kila mmoja peke yake ni kweli. Ndiyo hoja ile ile ya mwenye gari barabarani: gari langu moja haliwezi kuwa foleni. Lakini akishaamua kwamba si wote watakaovuka, hajamaliza. Sasa hana budi kuamua nani abaki. Akilibakiza gari moja, watu 20 wamevuka. Akiwabakiza watu 20, gari moja limevuka. Hesabu yenyewe mtoto wa shule huiweza. Langoni haiwi nyepesi hivyo, kwani honi ina sauti kuliko kandambili, na mwenye honi huenda anamjua mkubwa wa mwenye lango. Wahenga walituachia neno la kawia ufike, nasi tumeliandika nyuma ya magari yetu. Hawakutuambia nani akawizwe ili nani afike.

Nitajibiwa kwamba gari si la mtu mmoja, na jibu hilo lina uzito. Gari la wagonjwa ni uhai wa mtu. Gari la samaki lisipovuka kabla ya jua kupanda, samaki wataoza, na hasara itakuwa ya wavuvi wengi. Lori la unga ni watu elfu waliokaa kimya. Kwa sababu hiyo mimi si katika wale wanaotaka magari yote yafukuzwe pantoni yaende darajani. Nitajibiwa tena kwamba mwenye gari hulipa zaidi, na kwa hiyo nafasi yake ameinunua. Hapo sina hakika. Ikiwa gari limekalia mahali pa watu 20, na nauli ya kila mmoja wao ni shilingi 200, bei ya mahali pale ni shilingi 4,000. Mwenye gari na aitazame tikiti yake aone kama alitozwa kiasi hicho. Na akisema kwamba vitu hivi vyote vimejengwa kwa kodi yake, akumbuke kwamba Daraja la Nyerere lilijengwa kwa fedha za Serikali pamoja na fedha za Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani kwa sehemu ya akiba za wafanyakazi, na wengi katika wafanyakazi hao hawatalivuka kamwe kwa gari lililo lao.

Jibu la tatu ndilo linalonipa kazi. Saa nane mchana, jua likiwa kali na pantoni ikiwa nusu tupu, gari halimnyimi mtu chochote. Chombo kingekwenda vivyo hivyo. Mafuta yangeteketea vivyo hivyo. Mwenye gari avukaye saa hiyo ni yule mwanamke wa alfajiri kabisa: ameipunguzia barabara mzigo, ametia nauli katika mfuko wa kivuko, na hakuna aliyebaki ng'ambo kwa sababu yake. Kwa hiyo uovu wa tendo hili, kama upo, haumo katika gari wala katika maji. Umo katika saa. Na saa ile mtu anayotaka sana kuikimbia foleni ndiyo saa ile ile ambayo pantoni ina watu wengi kuliko nafasi. Hamu yake na haki ya wengine huamka pamoja.

Basi nasema hivi, na najua halitawapendeza wengi wa wasomao ukurasa huu. Mtu mzima, mwenye afya, aliye peke yake ndani ya gari lake saa moja asubuhi, hana haki ya pantoni pamoja na gari hilo, ingawa sheria yampa na tikiti yampa. Njia yake ni daraja, na foleni iliyo mbele ya daraja ni fungu lake. Desturi yetu imezoea kusema kinyume: kwamba mwenye uwezo wa kuchagua apewe lililo jepesi, na asiye na uwezo avumilie, kwa kuwa amezoea. Mimi naona kwamba uwezo wa kuchagua ndio unaomtia mtu deni. Yule mama wa vitumbua hana daraja. Kwenda kwa miguu hadi Kurasini na beseni kichwani si njia, ni adhabu. Mwenye gari ana daraja, ana Kongowe, ana hata uwezo wa kuondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kabla watu hawajajaa. Kati ya watu wawili, mmoja ana milango mitatu na mwingine ana mmoja, si haki kugombania ule mmoja.

Mlango wa nne anao pia, nao hautajwi sana. Aweza kuliacha gari Kigamboni akavuka kwa miguu, mtu mmoja katika eneo la mtu mmoja. Nauli yake itakuwa shilingi chache. Atasimama bega kwa bega na fundi na mwanafunzi, na akifika Magogoni atapita kwenye harufu ya soko la samaki, atembee hadi Posta au akodi bajaji, na shati lake litakuwa limelowa jasho kabla ya saa mbili, siku ambayo pengine ana mkutano na wakubwa zake. Nimejaribu kulitoa jasho hilo katika hesabu, na sikuona pa kulitoa.